Bunge Si Idara ya Ikulu

Wakenya wengi wakiulizwa ni nani aliyeinyonga demokrasia katika nchi hii baada ya uhuru, hutaja jina la Rais mmoja au mwingine. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Hakuna Rais wa Kenya aliyekuwa na uwezo wa kubadilisha Katiba peke yake. Kila mara mamlaka yalipohamishwa kutoka Bungeni kwenda Ikulu, mswada uliwasilishwa Bungeni, ukasomwa, ukajadiliwa, ukapigiwa kura na Wabunge, ukapita. Minyororo iliyolifunga Bunge la Kenya ilifuliwa ndani ya Bunge lenyewe.

Hatulikumbushi jambo hili kwa nia ya kufukua makaburi. Tunalikumbusha kwa kuwa nchi yetu sasa ina Katiba iliyoyagawa mamlaka vizuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, na bado wananchi wanalalamika kwamba Bunge limekuwa muhuri wa Serikali. Ikiwa maandishi ni mazuri na matendo ni mabaya, basi ugonjwa hauko katika maandishi. Ni wajibu wetu kuutafuta mahali ulipo.

Kanuni ambayo kila mweka hazina anaijua

Kugawa mamlaka si fumbo la wanasheria. Bunge hutunga sheria, huidhinisha kodi na matumizi, na huihoji Serikali. Serikali, yaani Rais na Mawaziri wake, hutekeleza sheria na kuendesha shughuli za nchi. Mahakama huamua panapotokea mzozo. Anayetumia fedha asiwe ndiye anayekagua hesabu; anayetunga sheria asiwe ndiye anayewaamuru polisi; anayeshtaki asiwe ndiye hakimu.

Kila mweka hazina wa parokia anaielewa kanuni hii. Anayepokea sadaka hahesabu peke yake, na vitabu vyake hukaguliwa na mtu mwingine. Hafanyiwi hivyo kwa sababu ameshukiwa kuwa mwizi, bali kwa sababu binadamu ni binadamu. Basi ikiwa tunachukua tahadhari hiyo kwa kapu la sadaka la Jumapili, itakuwaje tusiichukue kwa hazina ya taifa zima?

Wala hatudai Serikali dhaifu. Nchi inahitaji mkono wa kutenda: barabara zijengwe, wauguzi waajiriwe, mipaka ilindwe. Bunge halina kazi ya kutawala, na likijaribu kutawala litaharibu. Tunachodai ni kwamba mkono unaotenda uwe na jicho linaoutazama, na jicho hilo lisiwe limekodishwa na mkono wenyewe.

Jinsi Bunge lilivyojifunga

Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuwa na mabaraza mawili, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Vifungu vyake vya msingi kabisa havikuweza kubadilishwa ila kwa kura za robo tatu ya Wawakilishi na asilimia 90 ya Maseneta. Ukuta huo haukudumu miaka miwili. Desemba 1964 nchi ikawa Jamhuri, na mtu mmoja akawa Mkuu wa Nchi na pia Kiongozi wa Serikali. Mwaka 1965 Wabunge wakateremsha kiwango cha kubadilisha Katiba hadi asilimia 65 katika kila baraza. Kuanzia hapo mlango ulikuwa wazi.

Aprili 1966, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipotoka katika KANU na kuunda chama cha KPU, Bunge lilipitisha mbio marekebisho ya kumnyang'anya kiti Mbunge yeyote aliyekihama chama kilichomdhamini. Wabunge waliompinga mkubwa wakajikuta wamerudishwa kwa wapiga kura mwezi wa Juni. Mwaka huohuo Seneti ilikubali kufa. Maeneo mapya 41 ya uwakilishi yaliundwa, sawa na idadi ya Maseneta, wote wakaingizwa katika baraza moja, na muda wa Bunge ukaongezwa. Hakuna aliyetoka mikono mitupu ila mwananchi, aliyepoteza baraza zima la kumlinda.

Juni 1982 kikaingizwa kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee cha siasa. Mwaka 1986 Mkuu wa Sheria na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wakaondolewa kinga ya kutofutwa kazi ovyo. Mwaka 1988, katika Bunge lililotokana na kura ya mlolongo, zamu ikawa ya majaji. Kinga hizo zilirudishwa mwaka 1990, na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, lakini si kabla ya watu kuwekwa kizuizini, kupigwa na kufa kwa ajili ya kudai haki ambazo Wabunge wao walizitoa kwa kunyosha mikono.

Walikuwako waliosema hapana. Oktoba 1975 Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba wapo waliotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Alipotakiwa athibitishe, Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge, wakawekwa kizuizini bila ya kushtakiwa, na hawakuachiliwa hadi Desemba 1978. Bunge lililoshindwa kumlinda Naibu wa Spika wake ndani ya kuta zake lingemlinda nani nje?

Bunge liliponyamaza, mimbari ilisema. Maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari, pamoja na Kasisi Timothy Njoya, walihoji Serikali kutoka kanisani kwa sababu waliochaguliwa kuihoji walikuwa wamekaa kimya. Tunawaheshimu kwa ujasiri wao. Hata hivyo, taifa ambalo askofu hulazimika kufanya kazi ya Mbunge ni taifa lenye upungufu mkubwa.

Wasomaji wetu wa Biblia wanakikumbuka kisa cha shamba la mizabibu la Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba, na Yezebeli akaandika barua. Lakini si Ahabu wala Yezebeli aliyeketi katika baraza lililomhukumu Nabothi. Barua ilipelekwa kwa wazee na wakuu wa mji, watu waliokaa pamoja na Nabothi na kumfahamu. Wao ndio walioitisha mkutano, wakaleta mashahidi wa uongo, wakamtoa nje ya mji akapigwa mawe. Kama wazee wale wangeirudisha barua, mfalme angebaki na tamaa yake na Nabothi angebaki na shamba lake. Dhulma ya mwenye enzi huhitaji baraza linalotii. Historia ya Bunge letu tangu 1964 hadi 1991 ni historia ya wazee wasioirudisha barua.

Katiba ya 2010 ilirudisha nini

Katiba iliyopitishwa na wananchi katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 Agosti ilijibu makosa hayo moja baada ya jingine.

Kwanza, ilimpokonya Rais uwezo wa kulivunja Bunge apendapo. Zamani tarehe ya uchaguzi ilifichwa kama silaha ya vita. Hata mwezi wa Oktoba 2002 Bunge lilivunjwa siku chache tu kabla ya Kongamano la Kitaifa la Katiba kuanza, na kwa kuwa Wabunge walikuwa wajumbe, Kongamano likakwama. Leo siku ya uchaguzi imeandikwa: Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano.

Pili, iliwatoa Mawaziri Bungeni. Katika serikali ya muungano iliyoundwa mwaka 2008 kulikuwa na Mawaziri 40, pamoja na Mawaziri Wasaidizi waliozidi idadi hiyo, katika Bunge la watu 222 waliochaguliwa na kuteuliwa. Serikali ilikaa pande zote za ukumbi ikijiuliza maswali na kujijibu. Sasa Mawaziri hawapungui 14 wala hawazidi 22, hawawezi kuwa Wabunge, na ni lazima Bunge la Taifa liwaidhinishe kabla ya kula kiapo.

Tatu, ililikabidhi Bunge mfuko. Makadirio ya matumizi ni lazima yafike Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, na kamati husika ni lazima isikilize maoni ya wananchi. Nne, iliweka njia ya kumwondoa Rais au Naibu wake kwa thuluthi mbili ya kura katika Bunge la Taifa na kisha katika Seneti, ambayo nayo ilifufuliwa. Hata hali ya hatari, ambayo zamani ilikuwa kisingizio cha kila kitu, haiwezi kupita siku 14 bila idhini ya Bunge la Taifa.

Tusisahau pia kwamba hatua ya awali ilipigwa mwaka 1999, kwa juhudi za Peter Oloo Aringo, Tume ya Huduma za Bunge ilipoundwa. Kabla ya hapo Bunge halikuwa na uwezo hata wa kuwaajiri watumishi wake na kusimamia bajeti yake bila kutegemea Serikali.

Mwanya mmoja Rais ameachiwa, nao unastahili kufahamika. Kwa mujibu wa Kifungu cha 115, akiletewa mswada ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na sababu zake. Bunge likikubali mapendekezo yake yote, kura za kawaida zinatosha. Likikataa, au likikubali baadhi tu, ni lazima lipate thuluthi mbili. Katika Bunge la Taifa lenye Wabunge 349, bila kumhesabu Spika, hiyo ni kura 233. Kwa hiyo Rais mwenye wafuasi wanaozidi thuluthi moja ya Wabunge anaweza kuizuia sheria asiyoitaka. Mwanya huo si kosa. Nchi nyingi zenye Rais wa aina hii huwa nao. Lakini maana yake ni kwamba uhuru wa Bunge hautegemei Kifungu. Unategemea ni wangapi kati ya wale 349 wanaoweza kusema hapana.

Somo la Juni 2024

Hesabu hiyo ilipimwa hadharani tarehe 25 Juni 2024. Kwa majuma kadhaa wananchi, vijana wakiwa mbele, walikuwa wamewaandikia Wabunge, wamewapigia simu na kuandamana wakiukataa Mswada wa Fedha. Makanisa nayo yalikuwa yamesema. Alasiri hiyo Bunge la Taifa likaupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, risasi zikalia, na vijana wa nchi hii wakafa. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi, akaurudisha akitaka vifungu vyake vyote vifutwe. Mwezi wa Julai Bunge likavifuta.

Tuyatazame mambo hayo kwa utulivu, kwa jicho la sheria. Bunge lilisema ndiyo siku ya Jumanne kwa kuwa Serikali ilitaka ndiyo. Kisha likasema hapana mwezi uliofuata kwa kuwa Serikali ilitaka hapana. Katika mara zote mbili aliyeamua ni mmoja. Ikiwa mswada ule ulikuwa mwema, mbona haukutetewa? Ikiwa ulikuwa mbaya, mbona ulipita? Damu iliyomwagika kati ya ndiyo na hapana ni gharama ya Bunge lililosubiri kuambiwa. Wale 106 walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba njia nyingine ilikuwako, na haikuhitaji ujasiri zaidi ya kubonyeza kitufe.

Majuma machache baadaye Kiongozi wa Wachache katika Bunge la Taifa, Opiyo Wandayi, na Mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Umma, John Mbadi, waliteuliwa kuwa Mawaziri, wakaidhinishwa, wakaviacha viti vyao. Hakuna sheria waliyoivunja, na mtu ana haki ya kukubali kazi. Lakini mwananchi ana haki ya kuuliza: wakaguzi wakihamia upande wa wanaokaguliwa, nani atabaki na kalamu nyekundu?

Oktoba mwaka huohuo Bunge la Taifa lilipata kura 281 za kumwondoa Naibu wa Rais, na Seneti ikakamilisha kazi. Hapa hatuingii katika swali la kama alistahili au hakustahili. Tunasema tu kwamba siku ile tuliona nguvu ambayo Bunge linayo likiamua. Basi asije Mbunge kutuambia kwamba mikono yake imefungwa. Nguvu ipo. Tunachouliza ni kwa nini huamka aghalabu pale inapokuwa salama kuamka.

Mkono mtupu haulambwi

Sasa tuuguse mzizi wenyewe. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Serikali ndiyo yenye barabara, umeme, vyeo na maji. Mbunge anayetaka lami ifike kwao hufundishwa mapema kwamba lami haifiki kwa wapinzani. Hivyo anajifunza kuulamba mkono ambao alitumwa kuuchunga.

Wabunge waliitafutia hali hiyo dawa, nayo ikazidisha ugonjwa. Tangu sheria ya mwaka 2003 wamekuwa na Hazina ya Ustawishaji wa Maeneo Bunge. Hatukatai kwamba madarasa yamejengwa na watoto wa maskini wamelipiwa karo. Lakini Mbunge anayejenga darasa anafanya kazi ya Serikali, na atakapoketi kamatini kuchunguza jinsi fedha za madarasa zilivyotumika, itakuwa kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani. Tarehe 8 Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo ya mwaka 2013 ilikwenda kinyume cha Katiba, na mojawapo ya sababu ni hiyo ya kuyachanganya mamlaka ya kutunga sheria na ya kutekeleza.

Wabunge walijibuje? Julai 2025 Bunge la Taifa lilipitisha mswada wa kubadilisha Katiba yenyewe ili hazina hiyo na nyingine za namna yake ziandikwe humo. Mswada wa aina hiyo hauwezi kupita bila kura 233. Msomaji na aikumbuke nambari hiyo. Ni ileile inayohitajika kumwambia Rais kwamba Bunge limesimama na sheria yake. Kumbe hupatikana! Hupatikana kwa urahisi pale mfuko wa Mbunge unapoguswa. Je, kwa ajili ya mfuko wa mwananchi ilipatikana lini?

Wajibu ulio juu yetu

Itakuwa unafiki kuwalaumu Wabunge na kujisahau sisi. Ni nani humwomba Mbunge nauli, karo, jeneza na mabati ya kanisa? Ni nani humwita mwema anayetoa bahasha nene, na kumwita bahili aliyekesha akisoma taarifa ya Mkaguzi Mkuu? Mbunge anayetakiwa kutoa kila Jumapili ni lazima apate mahali pa kuchukua, na mahali hapo pana bei. Mchango anaoutoa madhabahuni huenda ndiyo kura aliyoiuza Bungeni.

Kwa hiyo tunashukuru kuona viongozi wa dini wakianza kulifunga lango hilo. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana, Jackson ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena mimbari ya kanisa lake. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa fedha ambazo Rais alikuwa amezitoa katika ibada, likaagiza zirudishwe. Kila parokia na kila kanisa dogo la mabati na lifuate mfano huo, hata kama paa litachelewa. Paa linalojengwa kwa shilingi za waumini halimnyamazishi mhubiri.

Mbali na hayo, tunawasihi wasomaji wetu watende mambo matatu. La kwanza, kila kundi la haki na amani litafute kumbukumbu za kura za Mbunge na Seneta wake na kuzisoma hadharani: katika miswada mikubwa ya mwaka, alipiga kura gani, au alikuwa wapi? La pili, kila mwezi wa Mei, makadirio ya matumizi yanapokuwa mbele ya kamati, tupeleke maoni yetu kwa maandishi na tudai kujua yalivyopokelewa. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge litushirikishe, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi. Haki isiyotumika huota kutu. La tatu, wagombea watakapokuja kuomba kura, tusiwaulize watatuletea nini. Tuwaulize ni jambo gani ambalo wako tayari kumkatalia Rais wa chama chao wenyewe. Asiye na jibu anaomba kazi ya utumishi Ikulu, na ofisi za kuombea kazi hiyo ziko kwingine.

Mamlaka yote ya nchi hii ni ya wananchi. Hivyo ndivyo Kifungu cha kwanza cha Katiba kinavyosema. Tuliyagawa kwa makusudi, sehemu kwa Bunge, sehemu kwa Serikali, sehemu kwa Mahakama, ili asipatikane mtu wa kuyabeba yote. Wazazi wetu waliyaona yakirudishwa Ikulu, kifungu baada ya kifungu, kwa mikono ya watu waliowachagua wenyewe. Sisi hatuna kisingizio cha kutojua. Barua ya Yezebeli itakuja tena, imepigwa muhuri na kufungwa vizuri. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba siku itakapofika, inawakuta wazee wa mji wanaojua kusoma na wasioogopa kuirudisha.